Wasomaji Wanauliza: Jani la Mahameli na Misitu Lilikotoka

Mwezi huu barua nyingi zinahusu mmea mmoja: anthuri yenye majani ya mahameli, mapana, ya umbo la moyo, kijani kilichokolea, na mishipa myeupe iliyochorwa wazi. Kwa jina la kisayansi ni Anthurium crystallinum. Barua zinazofanana tumezijibu pamoja.

Muuza maua ameniambia mmea huu ni wa kwetu, wa misitu ya Amani. Ni kweli?
*Msomaji, Muheza*

Si kweli, ndugu msomaji. Anthuri zote ni za bara la Amerika. Hakuna hata moja inayoota porini Afrika. Hii ya mahameli asili yake ni misitu ya mvua ya Panama na Kolombia. Ni ya ukoo mmoja na magimbi, na ukilitazama jani lake kwa makini utauona udugu huo.

Mwaka 1873 Jean Linden na Édouard André waliutangaza mmea huu kwa wanasayansi na wapenda bustani katika jarida la L'Illustration Horticole, lililochapwa Ghent, Ubelgiji. Linden alizaliwa Luxembourg mwaka 1817. Ujanani alikwenda mwenyewe Amerika kukusanya mimea, kisha akaanzisha vitalu Ubelgiji na kuwatuma wakusanyaji wengine. Mimea iliweza kuvuka bahari hai kwa sababu ya makasha ya vioo yaliyofungwa vizuri, aliyoyabuni daktari Nathaniel Ward wa London: unyevu ulibaki ndani na chumvi ya bahari ilibaki nje. André naye alisafiri Amerika Kusini miaka ya 1875 na 1876, na jina lake limebaki kwenye Anthurium andraeanum, ile anthuri ya ua jekundu linalong'aa ambayo mnaiona kwenye mapambo ya harusi.

Huenda muuza maua amechanganya na Saintpaulia, mmea mdogo wa maua wa milima ya Usambara. Hiyo kweli ni ya kwenu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani Tanga, alituma Saintpaulia Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaipa jina. Majani yake nayo ni laini kugusa, lakini yana manyoya, na ua lake ni la zambarau. Tungependa kuona watu wa Tanga wakiitunza majumbani mwao kwa fahari ileile wanayoipa mimea ya kigeni.

Jambo la kushika katika historia hii ni mahali mmea ulipokuwa ukiishi kabla ya kutiwa chunguni. Anthuri hii hukaa chini kabisa ya msitu, juu ya majani yaliyooza, juu ya mawe yenye kuvumwani, au imeshika shina la mti. Mwanga unaofika huko kwa kawaida ni kama asilimia 1 au 2 ya jua lililoko juu ya vilele vya miti. Mvua ni nyingi, lakini maji hayatuami mizizini, yanapita. Hewa ina unyevu mchana na usiku. Karibu kila barua iliyobaki hapa chini inajibiwa na mambo hayo.

Jani linaonekana kama mahameli, lakini nikiligusa sioni manyoya. Na vumbi nilifuteje?
*Msomaji, Kisumu*

Umegundua sawasawa, manyoya hayapo. Chembe za ngozi ya juu ya jani zimeinuka, kila moja ina umbo la kichuguu kidogo sana. Mwanga ukizipiga haurudi kwa pamoja kama kwenye jani laini la kung'aa. Hutawanyika na sehemu kubwa huingia ndani. Ndiyo maana jani halimeremeti, na kijani chake kinaonekana kizito. Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliandika mwaka 1905 kwamba chembe za namna hii hufanya kazi ya lenzi na huusaidia mmea kutambua mwanga unatoka upande gani. Wanasayansi wamelijadili wazo hilo tangu wakati huo. Lisilo na ubishi ni kwamba sura hii hupatikana sana kwa mimea ya kivulini kwenye misitu ya mvua.

Hapo ndipo inapotofautiana na Gynura aurantiaca, mmea wa Java wenye mahameli ya zambarau. Yale ni manyoya halisi, na ukilishika jani kwa nguvu yanalala.

Kuhusu vumbi: usifute kwa kitambaa kikavu, na usipake mafuta wala dawa ya kung'arisha majani. Mafuta hujaza nafasi kati ya vile vichuguu, jani likabaki na doa jeusi la kung'aa lisilotoka tena mpaka jani lizeeke. Hata mafuta ya vidole hufanya hivyo, polepole. Tumia brashi laini ya rangi ya maji, au lishikilie jani kwa chini na kulimwagia maji ya mvua, asubuhi, ili likauke kabla ya usiku.

Nilipanda kwenye udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, kama ninavyopanda sukuma wiki. Baada ya miezi miwili majani yamekuwa njano na shina limelegea. Nimwagilie zaidi?
*Msomaji, Kiambu*

Hapana, acha kumwagilia leo hii. Barua za namna hii ndizo tunazopokea kwa wingi kuliko zote, na jibu letu halibadiliki: huku kwetu anthuri nyingi hufa kwa kuzama, si kwa kiu. Udongo mwekundu una chembe ndogo mno. Shambani mvua inapotelea chini na minyoo inafungua njia, lakini ndani ya chungu udongo huo hushikana, hewa inatoka, na mizizi minene ya anthuri, iliyozoea kupumua katikati ya majani makavu na magome, inaoza. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo majani yanalegea kama yenye kiu. Mtu akiona hivyo anaongeza maji. Samadi inaharakisha uozo huo.

Utoe mmea leo. Osha mizizi kwa maji yanayotiririka mpaka udongo wote uondoke. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa kahawia hafifu. Uliooza ukiuvuta kidogo ganda linavuka na kuacha uzi mwembamba. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti ya asilimia 70, na ufute tena kila unapohamia mzizi mwingine. Kama shina lenyewe ni jeusi chini, kata kwenda juu mpaka ukute nyama safi. Uache mmea kivulini kwa saa tatu au nne vidonda vikauke.

Kisha panda kwenye mchanganyiko huu, unaotosha chungu cha sentimita 15:

vikombe 4 vya magome ya msindano, ule unaoitwa paina, yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 1.5 (viwanda vya mbao huyatupa);
vikombe 2 vya makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya ukubwa huohuo;
vikombe 2 vya vijiwe vyepesi vya volkano, vile vyenye matundu, au mkaa uliopondwa;
nusu kikombe cha mboji ya minyoo, si zaidi.

Mkaa uwe wa kuni, uliochekechwa na kuoshwa, kwa sababu majivu hupandisha magadi kwenye chungu. Ule mkaa wa kufinyangwa kwa udongo na vumbi usitumie. Ukilowa unarudi kuwa tope. Magome makavu yanakataa maji mwanzoni, hivyo yaloweke usiku mzima kabla ya kupanda.

Chungu kizidi fungu la mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu kila upande. Chungu kikubwa kwa mmea mdogo kinabaki na unyevu katikati ambako hakuna mzizi wa kuutumia. Kiwe na matundu mengi chini, na ile sahani ya chini isibaki na maji. Usifukie sehemu ya juu ya shina ambapo majani yanachipukia.

Kama mizizi iliyobaki ni michache, funika mmea wote kwa mfuko wa plastiki unaopenya mwanga, uuweke kivulini, na ufungue kwa dakika kumi kila siku. Wiki tatu mara nyingi zinatosha kuona ncha mpya za mizizi. Mbolea isubiri wiki sita.

Nimetumia magome na makumbi kama mlivyoshauri toleo lililopita, lakini kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia. Maji yangu ni ya kisima.
*Msomaji, Likoni*

Dada, mashaka yetu yako kwenye chumvi, na inaweza kuwa imeingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, hata pale ambapo ulimi umeizoea na hauisikii. Kila unapomwagilia, maji yanakauka na chumvi inabaki. Utaona ukoko mweupe juu ya magome au kwenye mdomo wa chungu cha udongo.

Ya pili ni makumbi yenyewe. Pwani yetu makumbi ya kutengenezea kamba hufukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike. Yakitoka hapo yamejaa chumvi. Yatafute makavu ambayo hayajapita baharini, na hata hayo uyaloweke kwenye maji baridi kwa siku moja, uyamwage, urudie mara tatu.

Kwa sasa, safisha chungu: pitisha maji ya mvua taratibu, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Kisha kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye kifuniko. Ukingo uliokauka haurudi kuwa kijani. Lipime jani jipya, si la zamani.

Namna ya kumwagilia: ingiza kidole sentimita 3. Kama ni pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kama bado kuna ubaridi wa unyevu, ngoja. Ratiba ya siku maalumu hatuiamini, maana wiki ya kaskazi na wiki ya masika hazifanani. Mbolea iwe hafifu: nusu gramu ya NPK 20-20-20 kwa lita moja ya maji, kila wiki mbili, juu ya magome yaliyokwisha kulowa. Anayeweka kijiko kizima kwa lita anaiunguza mizizi, na dalili yake ni hizohizo kingo za kahawia.

Sebuleni kwangu kiyoyozi kinafanya kazi mchana kutwa. Majani mapya yanatoka yakiwa yamechanika.
*Msomaji, Maskati*

Jani jipya la anthuri hutoka likiwa jembamba, laini, la rangi ya shaba, na huchukua wiki tatu au nne kukomaa. Wakati huo linapanuka haraka, na hewa ikiwa kavu ukingo mmoja unakwama huku mwingine ukivuta. Hapo ndipo linapochanika. Kiyoyozi hukausha hewa, na upepo wake ukipiga mmea moja kwa moja ni mbaya zaidi.

Uhamishe mmea mbali na mkondo wa upepo, kwenye chumba ambacho kiyoyozi hakiwaki kutwa. Unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 80 ndio unaoufaa. Kipima unyevu kidogo cha mezani ni ununuzi wa maana kuliko mbolea yoyote. Kunyunyizia maji kwa chupa hakusaidii, unyevu unapanda kwa dakika chache kisha unashuka, na matone yanayokaa kwenye jani changa yanaacha madoa. Kabati la vioo lenye feni ndogo ya kuzungusha hewa linafanya kazi vizuri sana. Asiye na nafasi hiyo achague ndugu yake, Anthurium clarinervium wa Chiapas, Meksiko, anayeota juu ya mawe ya chokaa. Jani lake ni nene na gumu, na anavumilia hewa kavu zaidi.

Huku kwetu Juni na Julai kuna baridi kali. Mmea umesimama, hautoi jani. Niuweke juani upate joto?
*Msomaji, Njombe*

Usiuweke juani. Jua la moja kwa moja la saa nne asubuhi hadi saa kumi huunguza jani hili kwa siku moja, na ule weupe wa kuungua haufutiki. Joto linaloupendeza ni nyuzi 18 hadi 28. Chini ya 15 unasimama, na usiku wa nyuzi 10 unaweza kuua mizizi ikiwa chungu kimelowa. Katika miezi hiyo uingize ndani, uuinue kutoka sakafuni, upunguze maji, uache mbolea. Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi mapema linatosha. Wanaolima kibarazani au kwenye kitalu watumie neti ya kivuli ya asilimia 70 hadi 80.

Yangu ina majani ya kijani tupu, mishipa myeupe haionekani. Nimeuziwa mmea bandia?
*Msomaji, Morogoro*

Huenda ni mchanga tu. Miche ya mbegu hutoa majani ya kwanza yasiyo na mchoro. Mishipa hujitokeza kadiri majani yanavyoongezeka ukubwa. Kivuli kizito kupita kiasi nacho hupunguza mchoro na kurefusha vikonyo. Kama kwenye sehemu ulipouweka huwezi kusoma gazeti adhuhuri bila taa, usogeze karibu na dirisha.

Ila uhalisi ni suala jingine, na hapa tunawaonya wanunuzi. Anthuri hizi huzaana zenyewe kwa zenyewe kirahisi, na nyingi zinazouzwa kwa jina la crystallinum ni chotara. Shika kikonyo ukizungushe vidoleni: cha crystallinum ni cha mviringo. Kikiwa na pembe nne zenye ukingo uliojitokeza, una Anthurium magnificum ya Kolombia au mtoto wake. Chotara si mmea mbaya, mara nyingi una nguvu kuliko wazazi wake. Kinachotukera ni kulipishwa bei ya kitu usichopewa.

Nilinunua jani moja mtandaoni, nikaliweka kwenye glasi ya maji. Miezi minne sasa ni bichi, lakini halichipui.
*Msomaji, Kampala*

Pole sana. Jani na kikonyo peke yake havitoi mmea mpya, hata mkikaa mwaka. Chipukizi hutoka kwenye jicho, na jicho liko kwenye kifundo cha shina. Aliyekuuzia jani bila kipande cha shina hakukuuzia mmea.

Anayetaka kuzidisha angoje mmea urefuke shina. Kata kipande chenye vifundo viwili au zaidi na angalau mzizi mmoja wa hewani. Kiache kikauke nusu siku, kisha kilaze juu ya kuvumwani uliolowa na kukamuliwa, jicho likitazama juu, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko. Liwe kwenye joto la nyuzi 24 hadi 27. Kisiki kilichobaki chunguni nacho kitachipua.

Njia ya mbegu ni ndefu, ila ina raha yake. Ua ni mchi mwembamba wa kijani usio na uzuri wa kutazamwa. Asiyetaka mbegu aukate, nguvu iende kwenye majani. Mchi huanza kwa hatua ya kike: vitone vya majimaji vinajitokeza juu yake. Siku kadhaa baadaye, vikishakauka, ndipo unatoa chavua. Ua moja kwa hiyo halijichavushi kirahisi. Kusanya chavua kwa brashi, ihifadhi kwenye friji ikiwa kavu, na uipake kwenye mchi mwingine ulio katika hatua ya vitone, siku tatu mfululizo. Matunda huchukua miezi mingi kuiva. Yakijisukuma nje, yakamue, osha mbegu utelezi wote, uzipande siku hiyohiyo juu ya kuvumwani bila kuzifukia. Zikikaushwa zinakufa, na ndiyo sababu pakiti za mbegu kavu za anthuri zinazotangazwa mtandaoni si za kununua.

Kuna madoa yanayoonekana kama yamelowa maji, yenye duara la njano, yanaanzia kingoni. Nipulizie nini?
*Msomaji, Arusha*

Tenga mmea huo mara moja. Maelezo yako yanafanana na mnyauko wa bakteria Xanthomonas, ule uliofilisi wakulima wengi wa anthuri Hawaii miaka ya 1980. Dawa ya kuuponya mmea ulioambukizwa haipo. Dawa za shaba hupunguza kuenea tu. Kama madoa yapo kwenye jani moja, likate pamoja na kikonyo, ulichome, na uangalie wiki nne. Bakteria wakishaingia kwenye shina, majani yanakuwa njano na kuanguka yakiguswa. Hapo choma mmea wote pamoja na magome yake. Usimwagie maji juu ya majani, kwa maana matone yanayoruka ndiyo yanayowabeba, na ufute kisu kila baada ya mmea mmoja. Ugonjwa huu hushika mimea mingine ya ukoo huu, magimbi yakiwemo, kwa hiyo usitupe mabaki karibu na bonde lililolimwa magimbi.

Madoa yakiwa makavu, ya rangi ya fedha, yenye vidoti vyeusi, hao ni vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Sabuni ya maji isiyo na manukato, mililita 5 kwa lita, jioni, chini na juu ya jani, kila baada ya siku tano, mara nne. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Mafuta ya mwarobaini ni mazuri kwa mimea mingine, lakini kwenye mahameli yanaacha madoa yale tuliyoyaeleza kwa msomaji wa Kisumu.

Mtoto wangu ametafuna ukingo wa jani akalia kinywa kinawasha. Ni sumu?
*Msomaji, Zanzibar*

Majani yana fuwele za oksalati ya kalsiamu, zilezile zinazofanya gimbi bichi liwashe. Mfute mtoto kinywa kwa kitambaa kilicholowa, mpe maji baridi au maziwa. Ulimi au koo likivimba, au akipata taabu ya kumeza au kupumua, mpeleke hospitali bila kungoja. Chungu kiwekwe asipofika, na kama mna paka, asifike pia.

Ndugu yangu yuko Miami, anataka kuniletea mche mkobani. Kuna ubaya?
*Msomaji, Nairobi*

Upo. Mmea hai unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea la Kenya, kinachotolewa kabla ya mzigo kuondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Tanzania kazi hiyo hufanywa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Bila karatasi hizo mche utachukuliwa na kuteketezwa, na ni haki, kwa sababu bakteria tuliyoitaja hapo juu husafiri ndani ya shina lenye sura nzima kabisa. Ndugu yako amuombe muuzaji barua inayoonyesha mche umezalishwa kitaluni, si kung'olewa msituni Kolombia, kisha wewe uanze na ombi la kibali.